Damu Ikate, Ufa Uzibwe: Mwongozo wa Kukitafsiri Kitenzi cha Kiingereza "Staunch"

Miaka yangu ya mwanzo katika kazi ya kutafsiri, nilipewa kijitabu cha huduma ya kwanza kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwandani. Katika ukurasa wa majeraha palikuwa na amri fupi ya Kiingereza, "staunch the wound", nami, kwa kuwa neno "staunch" nililijua kama sifa ya mtu imara asiyeyumba, nikaandika "imarisha jeraha" na kuendelea na ukurasa uliofuata. Muuguzi mmoja wa makamo aliyepewa nakala aihakiki kabla haijachapwa alinipigia simu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hapa umewaambia watu waliimarishe jeraha. Jeraha likiimarika, mgonjwa anapona au anakufa?"

Nikamweleza kwamba Kiingereza ndivyo kilivyosema. Akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo ndilo ninaloanza nalo kila ninapokutana na kitenzi hiki: "Aliyeandika alitaka watu wafanye nini kwa mikono yao?" Kisha akanisomea maneno yake mwenyewe, nami nikayaandika kama yalivyo: "Bana jeraha kwa kitambaa safi, usiachie mpaka damu ikate."

Kiingereza kilitumia kitenzi kimoja na nomino moja. Sentensi ya muuguzi ina vitenzi vitatu, kubana, kuachia na kukata, na kila kimoja kina kazi yake. Kwa maoni yangu ugumu wote wa "staunch" umo humo: kitenzi hicho kimebeba kwa pamoja tendo la mikono, kitu kinachotiririka na matokeo yake, ilhali Kiswahili huvitenga. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuvitenga, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kitenzi

Neno hili huandikwa kwa namna mbili, "staunch" na "stanch". Waandishi wa Marekani kwa kawaida hutenga kazi: "stanch" huwa kitenzi cha kuzuia mtiririko, na "staunch" huwa kivumishi cha mtu thabiti. Waingereza mara nyingi hutumia "staunch" kwa yote mawili, na hapo ndipo mtafsiri hujikwaa kama nilivyojikwaa mimi. Matamshi nayo hufuata tahajia, "staunch" likikaribia "stonchi" na "stanch" likikaribia "stanchi", japo wapo wasemaji wasiotofautisha.

Kwa hiyo usitegemee tahajia, tazama nafasi ya neno katika sentensi. Likitangulia nomino ya mtu au msimamo, kama katika "a staunch ally", ni kivumishi. Likitanguliwa na mtendaji na kufuatwa na kitu cha kutendwa, hasa damu, jeraha, hasara, uvujaji au neno "flow", ni kitenzi. Ukikuta "staunched" au "staunching", karibu kila mara ni kitenzi.

Maana hizo mbili si mapacha wa bahati mbaya, zina mzazi mmoja. Kitenzi kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, "estanchier", yaani kusimamisha mtiririko. Kivumishi nacho, kilipoanza kutumika katika karne ya 15, kilisifu chombo kisichopitisha maji. Meli iliyoitwa "staunch" ilikuwa meli isiyovuja, na baadaye sifa hiyo ikahamia kwa binadamu ambaye uaminifu wake hauvuji. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu aliyesoma Kifaransa ataitambua familia hii mara moja, kwa sababu Kifaransa cha leo bado kina "étanche" kwa kitu kisichopitisha maji, na "étancher" kwa kuzuia damu na hata kwa kukata kiu.

Hatua ya pili: uliza ni nini kinachotendwa, tundu au kinachotoka tunduni

Kiingereza huruhusu kusema "staunch the blood" na vilevile "staunch the wound", na maana ikabaki ileile. Kiswahili hakiruhusu. Ukisema "zuia damu", umeeleweka. Ukisema "zuia jeraha", msomaji ataelewa kwamba unamwambia ajihadhari asiumie, wakati mtu ameshaumia na damu inachuruzika. Ukisema "komesha jeraha", hujasema kitu.

Sababu ni kwamba vitenzi vyetu vya kundi hili vimegawana kazi. Vipo vinavyoelekezwa kwenye kitu kinachotiririka, kama kuzuia, kukomesha, kusimamisha na kukatisha. Vipo vinavyoelekezwa kwenye mahali kinapopitia, kama kuziba, kubana na kufunga. Twasema tumeziba tundu la bomba na maji yamekoma kuvuja. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kinachozibwa hapo ni ufa, si mvua ipitayo ndani yake. Basi ukikuta jeraha, bomba, ufa au mwanya ndiyo nomino inayofuata "staunch", chukua kitenzi cha kundi la pili, kisha ongeza kishazi kinachotaja mtiririko: "akalibana jeraha mpaka damu ikakata". Ukikuta damu, maji au machozi, chukua kitenzi cha kundi la kwanza.

Ukichagua "kuzuia", kumbuka kwamba peke yake kina mashaka ndani yake, kwa kuwa humaanisha kukinga jambo lisitokee na pia kulishika jambo ambalo limeshaanza. Dawa yake ni ile dhamiri tegemezi ya kukanusha ambayo lugha yetu inaipenda sana: kuzuia damu isiendelee kutoka, kuzuia maji yasizidi kuingia. Neno "isiendelee" ndilo linalomwambia msomaji kwamba mtiririko ulikwisha kuanza, na hiyo ni sehemu ya maana ya "staunch" isiyopaswa kupotea. Hakuna anayefanya "staunch" kwa damu ambayo bado imo ndani ya mishipa.

Hatua ya tatu: pima kila kitenzi kabla ya kukiandika

Hatua hii ndiyo ndefu, na ndiyo inayostahili subira, kwa kuwa maneno yanayofanana kwa mbali hutofautiana sana yakisogezwa karibu.

"Kukinga" ni mtego. Kwa kuwa kinga ni ulinzi, mwandishi anaweza kudhani kwamba kukinga damu ni kuizuia. Lakini akina mama wanapokinga maji ya mvua, wanaweka ndoo chini ya michirizi ya bati ili maji yaingie ndani yake, na katika machinjio damu hukingwa kwa beseni. Kukinga kitu kinachotiririka ni kukipokea. Ukimwandikia msaidizi wa majeruhi "kinga damu", huenda akatafuta bakuli.

"Kukata" kina pande mbili. Upande mmoja ni kauli ya kila siku isiyo na mtendaji: damu imekata, mvua imekatika. Huo ndio upande wenye manufaa, kwa maana unaonyesha mwisho wa mtiririko kwa neno moja. Upande wa pili ni pale panapokuwa na mtendaji. Mamlaka ya maji ikikata maji, imemnyima mteja huduma, labda kwa sababu ya deni, na hakuna bomba lililokuwa likivuja. Kwa hiyo usiandike "walikata maji" pale Kiingereza kinapozungumzia watu waliookoa nyumba isifurike.

"Kukomesha" ni neno la nguvu. Linafaa pale mtiririko ulipofika mwisho kabisa, na linabeba pia harufu ya amri na adhabu, kama katika kukomesha wizi au kukomesha rushwa. Katika maelezo ya hospitali mimi hulipendelea kidogo kuliko "kuzuia" pale daktari alipofanikiwa, lakini katika maelekezo ya huduma ya kwanza, ambapo msomaji ana hofu na mikono inatetemeka, "bana mpaka damu ikate" humfaa zaidi kuliko "komesha utokaji wa damu". Nomino nzito kama "utokaji" na "uvujaji" zifaa ripoti, hazimfai mtu aliyepiga magoti pembeni ya majeruhi.

Kisa maarufu cha mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12, katika Injili ya Luka, kinaonyesha jambo lingine. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia kitenzi hikihiki bila mtendwa: damu yenyewe ndiyo iliyo-"stanch". Matumizi hayo Waingereza wameyaacha, lakini Kiswahili kinayaweza bila shida yoyote, na Biblia ya Kiswahili ya Union ilipofika mahali hapo ilitumia "kukoma". Ukitafsiri maandishi ya kale, basi, tazama kama damu inakomeshwa na mtu au inakoma yenyewe. Tofauti ya silabi hizo chache ni kubwa, kwa maana inaonyesha nani aliyetenda.

Kitenzi cha mwisho ninachotaka kukipima ni kile ambacho wengi hawakikumbuki, nacho ndicho kilicho karibu zaidi na asili ya "staunch". Pwani yetu ina kitenzi cha kukalafati. Maji yakishakupwa na jahazi limelala ubavu mchangani, fundi huketi chini yake na pamba iliyosokotwa kama kamba na kulowekwa mafuta, akaisukumiza katika mwanya ulio kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, akigonga kwa nyundo taratibu, mwanya kwa mwanya, mpaka pamba imekaza na kidole hakipati pa kupenya. Kisha sehemu itakayokaa chini ya maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Jahazi lililokalafatiwa vizuri ndilo Mwingereza wa karne ya 15 angeliita "staunch". Ukikutana na kitenzi au kivumishi hiki katika habari za vyombo vya baharini, usizunguke na "kuzuia uvujaji". Andika "kukalafati" na "chombo kisichovuja", na mabaharia watakuelewa. Lakini usikichanganye na kufua maji, yaani kuyachota yaliyokwisha kuingia ndani ya chombo na kuyamwaga nje. Anayefua maji hajaziba kitu.

Hatua ya nne: amua kama mtiririko ulikwisha au ulipungua

Kiingereza kina jirani wa "staunch" aitwaye "stem", ambaye magazeti humtumia zaidi. Wawili hawa hupishana mara nyingi, ila kwa uzoefu wangu "staunch" huelekea kwenye kuziba hadi mwisho, na "stem" huridhika na kupunguza kasi au kukabili mkondo. Serikali inayo-"stem" wimbi la wakimbizi haijafunga mpaka lazima. Kwa "stem" mimi hutumia zaidi kupunguza, kudhibiti au kukabili, na kwa "staunch" huweka kukomesha, kuziba au kusimamisha, isipokuwa muktadha ukinionyesha vingine.

Angalia pia kwamba "stem from" ni jambo tofauti kabisa, na maana yake ni kutokana na. "Stem" ya kuzuia ilitoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, na "stem" ya kutokana ilitoka kwenye neno la shina la mmea. Nimewahi kusoma tafsiri ambamo umaskini "ulizuia ukame" ilhali mwandishi alisema umaskini ulitokana na ukame. Kihusishi kidogo "from" ndicho kilichopuuzwa.

Baada ya hapo tazama njeo. "He was staunching the blood" haina maana kwamba damu ilikata. Tendo lilikuwa likiendelea. "Alikuwa akilibana jeraha ili damu isiendelee kutoka" inatosha, na kuandika "alikomesha damu" kutakuwa kumempa majeruhi uponyaji ambao mwandishi hakumpa. Ikiwa sentensi ina "tried to" au "failed to", Kiswahili kinakupa "alijaribu kuizuia damu, haikuzuilika". Kauli hiyo ya kutendeka, kuzuilika na kutozuilika, ni hazina, itumie.

Hatua ya tano: ikiwa ni sitiari, tafuta sitiari yetu

Magazeti ya biashara ya Kiingereza huandika kwamba kampuni inatokwa na damu na kwamba meneja mpya ameletwa ku-"staunch the bleeding". Msomaji wa Kiswahili akikuta "kampuni inatokwa na damu" atashangaa kwanza, kisha ataelewa, na mshangao huo hauna faida yoyote kwake. Sisi fedha zetu huvuja, hupotea au huliwa, na watendaji wa mapato huziba mianya. Kwa hiyo "to staunch the losses" ni kuziba mianya ya hasara, au kuzuia hasara isiendelee. Na kama njia iliyotumika ni kupunguza gharama, kubana matumizi. Taswira ya tundu inabaki, damu inaondoka, na hakuna kilichopotea.

Kwa watu wanaohama, kama madaktari waendao kutafuta kazi ng'ambo, kishazi hufaa kuliko neno: kuzuia madaktari wasizidi kuondoka nchini. Kwa machozi, tazama nani anayalia. Mtu akiyazuia ya kwake, anajizuia kulia au anayameza machozi. Akimtuliza mwingine, anambembeleza mpaka ananyamaza. Uvumi na ghasia huzimwa kama moto. Kiu hukatwa.

Hatua ya sita: kivumishi nacho kipewe haki yake

Ukishajua kwamba neno ni kivumishi, usikimbilie "imara" kila mahali. Mtetezi "staunch" ni mtetezi thabiti au asiyeyumba. Mpinzani "staunch" ni mpinzani mkali. Mwanachama wa chama au klabu, katika Kiswahili cha Tanzania, ni kindakindaki, na shabiki wa mpira ni lialia, ingawa katika maandishi rasmi ningeandika "mfuasi wa dhati". Rafiki "staunch" ni rafiki wa kufa na kuzikana. Nakuomba tu uliepuke neno "sugu". Linaonyesha kudumu, lakini limezoea kukaa na wahalifu na magonjwa, na muumini wa dini akiitwa "sugu" atakuwa ametukanwa bila kukusudiwa.

Ipo pia nomino adimu: katika mito ya mashariki mwa Uingereza, "staunch" lilikuwa lango la kuyazuia maji ya mto yapande ili mashua zipite penye kina kifupi. Hapo andika "lango la maji" na uendelee.

Hatua ya saba: isome tafsiri kama mtu atakayeitii

Kwa maandishi ya huduma ya kwanza hatua hii ni ya lazima. Chukua maelekezo ya mtu anayetokwa na damu puani. Kiingereza kinaweza kusema kwa kifupi "to staunch a nosebleed" na kisha kuorodhesha vitendo. Kichwa cha maelekezo kiwe "Namna ya kuifanya damu ya pua ikate", au "kumsaidia mtu anayetokwa na damu puani", kisha kila tendo lipate kitenzi chake: mketishe, ainamishe kichwa mbele kidogo asimeze damu, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumue kwa mdomo, asiachie kwa dakika 10 hadi 15. Katika maelekezo yote hayo kitenzi "kuzuia" hakikuhitajika hata mara moja. Kwa jeraha vilevile: bana kwa kitambaa safi, usikifunue kila mara kuchungulia, na kikilowa ongeza kingine juu yake bila kuondoa cha kwanza. Mpe maandishi hayo mtu asiyejua Kiingereza, mwambie akuonyeshe kwa mkono wako, na utazame vidole vyake vinakwenda wapi.

Kwa maandishi ya aina nyingine, jaribu sentensi inayobeba matumizi mawili kwa mpigo. Tuseme umepewa hii: "She staunched the wound with her scarf, but nothing could stanch the rumours." Tahajia mbili, ila vyote ni vitenzi. Cha kwanza kimeelekezwa kwenye jeraha, yaani tundu, na tendo lilikamilika. Cha pili kimeelekezwa kwenye uvumi, ambao kwetu ni moto, na tendo halikufanikiwa. Tafsiri yangu ingekuwa hivi: "Alilibana jeraha kwa mtandio wake mpaka damu ikakata, lakini uvumi haukuzimika."